Usilipie makala kabla hujapita kwenye maktaba ya chuo chako

Alifika mezani kwangu Jumatatu asubuhi, kompyuta yangu bado haijamaliza kuwaka. Binti wa mwaka wa pili wa uzamili, mzaliwa wa Kondoa, anaandika tasnifu kuhusu sumukuvu kwenye mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

Akanionyesha simu. Jumamosi usiku alikuwa ameipata makala aliyoisaka wiki mbili, akakuta imefungwa, inadaiwa dola 35. Akampigia kaka yake aliye Dar es Salaam, kaka akalipa kwa kadi ya benki. Karibu shilingi elfu tisini kwa kurasa kumi na moja. Kiungo alichotumiwa kilikuwa cha saa 24 tu, Jumapili umeme ukakatika kutwa nzima, na uliporudi muda ulikuwa umekwisha. Hela imekwenda, makala hana.

Nikavuta kiti, tukaingia pamoja kupitia ukurasa wa maktaba. Dakika nne baadaye makala ileile ilikuwa mbele yetu, nzima, bila kulipa chochote. Chuo kilikuwa kimekwisha kuipata kwa ajili yake tangu zamani, ila hakuna aliyemwonyesha inakofunguliwa.

Nimefanya kazi ya ukutubi miaka kumi na tisa hapa Morogoro, na jambo hili bado linaniuma kila linapotokea. Ninaandika hapa vilevile ninavyomweleza mtu aliyekaa mbele yangu. Mfano wangu mkubwa ni swali la binti huyu, naye ameniruhusu. Si swali la kuchezea: mwaka 2016, yeye akiwa kidato cha nne, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Anataka kujua mkulima afanye nini wakati wa kuhifadhi mahindi ili hilo lisirudi.

Kwanza ingia, ndipo utafute

Wanafunzi wengi huanzia Google, wanabofya, wanakutana na bei, wanakata tamaa. Elewa jinsi tovuti ya mchapishaji inavyokutambua. Haikujui wewe kwa jina wala kwa sura. Inaangalia unatokea mtandao gani. Ukiwa ndani ya chuo na umeunganishwa kwenye Wi-Fi ya chuo, inaona anwani ya chuo na kukufungulia. Ukiwa umepanga chumba Kihonda, unatumia bando lako mwenyewe, tovuti hiyohiyo inakuona mpita njia, na mpita njia huonyeshwa bei.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa maktaba ya chuo chako na utafute sehemu ya rasilimali za kielektroniki. Mara nyingi imeandikwa "E-resources". Hapo utakuta orodha ya kanzidata, yaani hifadhi za mtandaoni za makala, ambazo chuo kinazipata. Ukiwa chuoni, zibofye tu. Ukiwa nje, tafuta mahali palipoandikwa "Off-campus" au "Remote access", uingie kwa namba yako ya usajili au baruapepe ya chuo pamoja na nywila. Mifumo mingi inataka ujisajili kwanza, kisha mkutubi akuidhinishe, na hilo linaweza kuchukua siku moja au mbili. Lifanye wiki ya kwanza ya muhula. Usisubiri usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, maana usiku huo sisi tumelala.

Utajuaje kama umeingia kweli? Fungua makala yoyote, kisha tazama sehemu ya juu au ya chini ya ukurasa wa mchapishaji. Jina la chuo chako likiwa limeandikwa hapo, umeingia. Usipoliona, rudi nyuma uanze upya kwenye ukurasa wa maktaba. Kipimo hiki kidogo kingemwokolea yule kaka wa Dar elfu tisini zake.

Neno kuhusu nywila. Baadhi ya kanzidata zina nywila moja ya taasisi nzima, na anayeitunza ni mkutubi. Ukipewa, usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Wachapishaji wanaona makala ngapi zinapakuliwa na kwa kasi gani. Mtu mmoja akitumia programu ya kuvuta mamia ya makala kwa mkupuo, wanaweza kufunga chuo kizima, na anayeumia ni mwenzako mwenye siku tatu za kumaliza.

Wapi pana nini

Nilipoanza kazi, makala za kilimo tulizisoma kwenye TEEAL, maktaba iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kuanzia mwaka 1999. Ilikuja kwenye CD, baadaye kwenye diski kuu, haikuhitaji intaneti hata kidogo. Tuliipenda sana. Leo mambo yamefunguka zaidi, na tatizo limegeuka: milango ni mingi, na mwanafunzi hajui abishe upi.

Kwa watu wa kilimo, afya na mazingira, mlango wa kwanza ni Research4Life. Ndani yake mna programu tano. Hinari ya afya, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. AGORA ya kilimo na chakula, mwaka 2003, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. OARE ya mazingira, mwaka 2006. ARDI ya sayansi tumizi na teknolojia, mwaka 2009. Na GOALI ya sheria, mwaka 2018. Wachapishaji wakubwa hutoa majarida yao humo bure kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo, na kwa ada ndogo kwa nchi nyingine. Jihadhari na kitu kimoja: si kila mchapishaji anafungua kwa kila nchi, kwa hiyo unaweza kuona jarida kwenye orodha na bado likakataa. Usilaumu kompyuta. Njoo ututaarifu.

Mlango wa pili, ambao wengi wanaudharau bila sababu, ni AJOL, yaani African Journals Online. Makao yake ni Afrika Kusini, ilianza mwaka 1998, na inakusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Utafiti uliofanywa Kilosa au Mbulu mara nyingi haupo kwenye jarida la Ulaya. Uko kwenye jarida la hapa nyumbani, kama Tanzania Journal of Agricultural Sciences, na jarida hilo utalikuta AJOL. Msimamizi akikwambia mapitio yako ya kazi tangulizi yamejaa Iowa na Illinois za Marekani, hapa ndipo pa kwenda.

Kisha kuna hazina za vyuo, ambako tasnifu huhifadhiwa. Sokoine ina yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, vivyo hivyo Muhimbili, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere. Ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tasnifu nyingi za uzamili hazikuwahi kugeuzwa makala, na ndani yake mna takwimu za vijiji ambazo hutazipata kwingine kokote. Mwanafunzi mmoja wa ugani alikuwa karibu kurudia utafiti uleule uliofanyika wilaya ileile miaka sita kabla yake. Tuliukuta kwenye hazina wiki moja kabla hajaenda uwandani. Alibadilisha swali, akaanzia pale mwenzake alipoishia.

PubMed ni ya tiba, imekuwa bure kwa umma tangu mwaka 1997, na makala kamili nyingi ziko kwenye ndugu yake PubMed Central. DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden mwaka 2003, inaorodhesha majarida huria ambayo hayamtozi msomaji. JSTOR ni nzuri kwa historia, fasihi na sayansi za jamii, ila majarida yake mengi hayana matoleo ya miaka ya karibuni zaidi, kwa hiyo usishangae ukitafuta la mwaka jana ukalikosa.

Na Google Scholar? Itumie, sikukatazi. Lakini fungua mipangilio yake, ingia kwenye "Library links", andika jina la chuo chako uone kama kimo. Kikiwemo, matokeo yataanza kukuonyesha pembeni kiungo cha makala ambazo chuo chako kinazipata.

Maneno ndiyo kazi yenyewe

Hapa ninaomba unisikilize taratibu, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Kanzidata haijibu swali. Inalinganisha maneno uliyoandika na maneno aliyotumia mwandishi wa makala. Yule binti alikuwa ameandika kwenye kisanduku sentensi nzima kwa Kiingereza, akiuliza jinsi wakulima wa Kondoa wanavyoweza kuzuia sumukuvu kwenye mahindi. Hakupata kitu. Akaandika kwenye pendekezo lake kwamba hakuna utafiti uliofanyika. Sentensi hiyo ni ya hatari. Mtahini wa nje akiikuta, naye anazijua makala kumi, hataamini tena ukurasa wowote unaofuata.

Tulichukua karatasi tupu, tukachora safu nne. Safu ya kwanza tukaandika mahindi, ya pili sumukuvu, ya tatu kuhifadhi, ya nne mahali. Chini ya kila moja tukaorodhesha maneno yote ambayo mwandishi wa makala angeweza kuyatumia. Mahindi: maize kwa Waingereza na kwetu, corn kwa Wamarekani, Zea mays kwa wanasayansi wote. Sumukuvu: aflatoxin, mycotoxin, na jina la kuvu mwenyewe, Aspergillus flavus. Kuhifadhi: storage, postharvest, hermetic, maana mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS huandikwa kwa neno hilo. Mahali: Tanzania, Dodoma, Manyara, East Africa.

Baada ya hapo tukaenda kwenye utafutaji wa kina, ule unaoitwa "Advanced search", wenye visanduku kadhaa. Kila safu ilipata kisanduku chake. Ndani ya kisanduku, maneno ya safu moja yanatenganishwa na OR kwa herufi kubwa, yaani lolote kati ya haya. Kati ya kisanduku na kisanduku inakaa AND, yaani yote haya kwa pamoja. Kipo na NOT cha kuondoa usichotaka, ila mimi simshauri anayeanza kukitumia, kwani hufuta na vizuri. Mantiki hii ni ya mwanahisabati Mwingereza George Boole, aliyefariki mwaka 1864, na hadi leo kanzidata zote hizi zinaisikiliza.

Alama mbili za kukumbuka. Alama za kunukuu zinafunga maneno yakae pamoja: ukiandika "post-harvest losses" ndani ya alama hizo, unapata mfululizo huo tu, si kila makala yenye neno losses. Nyota inachukua miisho yote: contaminat* italeta contaminated, contamination na contaminating. Nyota hii inafanya kazi kwenye kanzidata nyingi, lakini Google Scholar haiifuati, kwa hiyo kule andika neno zima.

Matokeo yakiwa maelfu, ongeza safu. Yakiwa matatu, punguza safu, na anza na ile ya mahali. Au ipanue: sisi tulipojaribu Dodoma na Manyara peke yake zilikuja chache, tulipoongeza Tanzania, makala zikaja. Mtafiti anaweza kufanya kazi Kondoa lakini kwenye kichwa cha makala akaandika "central Tanzania" peke yake.

Sasa shida yetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kamusi inaweza kukupoteza. Nimeona tasnifu nzima ya mtama iliyotafutiwa makala kwa neno millet, na mtama ni sorghum. Millet ni jina la nafaka nyingine kadhaa: uwele ni pearl millet, Pennisetum glaucum, na ulezi, ambao jirani zetu wa Kenya huuita wimbi, ni finger millet, Eleusine coracana. Kunde ni cowpea, Vigna unguiculata, usiiandike bean ukatosheka. Choroko ni green gram kwa wengine na mung bean kwa wengine, zote Vigna radiata. Mbaazi ni pigeon pea, Cajanus cajan. Muhogo ni cassava, lakini kuna wanaoandika manioc. Ndiyo maana ninasisitiza jina la kisayansi: halibadiliki kila ukivuka mpaka.

FAO wana hazina ya istilahi inayoitwa AGROVOC, iko wazi mtandaoni, ina lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Unaandika neno, unaona jina lake kwa lugha nyingine na maneno jirani yaliyo mapana au mafinyu zaidi. Si kila neno letu limeingia, lakini ninafurahi kila ninapoifungua na kukuta lugha yangu imepangwa pamoja na nyingine. Istilahi zake ndizo zinazotumika kupanga makala kwenye AGRIS, kanzidata ya FAO isiyolipiwa.

Na usiwe mwepesi wa kutafsiri kila kitu. Kuna maneno ambayo watafiti waliyaacha vilevile kwa Kiswahili. Degedege limo kwenye vichwa vya makala za malaria kwa sababu wazazi wanalielewa tofauti na daktari anavyoelewa convulsions, na tofauti hiyo ndiyo utafiti wenyewe. Ujamaa haitafsiriwi. Taarab haitafsiriwi. Bodaboda imeandikwa kwa namna tatu: neno moja, maneno mawili, na yenye kistari katikati. Zijaribu zote tatu kwa OR.

Kama mada yako ni ya kihistoria, kumbuka na majina ya nchi. Makala ya mwaka 1950 haiwezi kuwa na neno Tanzania. Tafuta Tanganyika. Kabla ya hapo tafuta "German East Africa", na kama unasoma Kijerumani, "Deutsch-Ostafrika". Kazi za kituo cha Amani kule Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, hutazipata kwa jina la leo la nchi yetu. Kongo vivyo hivyo: kati ya mwaka 1971 na 1997 waandishi waliandika Zaire.

Makala moja ikupeleke kwenye nyingine

Ukipata orodha, usipakue yote. Bando linaisha, na makala mia moja ambazo hujazisoma hazikusaidii kitu. Soma kichwa, soma ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni, ruka hadi hitimisho. Kama bado inakuhusu, ndipo upakue.

Ukishapata moja nzuri kwelikweli, iache ikuongoze pande mbili. Kwa nyuma ni orodha ya marejeo iliyo mwishoni: hao ndio waliomtangulia. Kwa mbele ni kitufe cha "Cited by", kilichopo Google Scholar na kwenye kanzidata nyingi: hao ndio waliokuja baada yake wakamnukuu. Kwa sumukuvu tulianza na mlipuko wa mashariki mwa Kenya wa mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Makala kuhusu mlipuko huo zilitoka mwaka 2005 katika Environmental Health Perspectives, jarida lililo wazi kwa wote. Tukafuata waliozinukuu, mwaka hadi mwaka, tukashuka hadi kwenye mlipuko wa Dodoma na Manyara, ambao maelezo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika World Mycotoxin Journal. Binti alinyamaza alipoona jina la mkoa wake kwenye skrini. Nami nikanyamaza naye kidogo, kisha tukaendelea.

Ukikuta imefungwa hata baada ya kuingia

Hutokea. Hakuna chuo kinachopata majarida yote. Fanya haya kwa mpangilio huu, na usitoe kadi ya mtu.

Rudi Google Scholar, tafuta kichwa cha makala kikiwa ndani ya alama za kunukuu, ubofye palipoandikwa "All versions". Mara nyingi kuna nakala ambayo mwandishi ameiweka kwenye hazina ya chuo chake. Kisha weka Unpaywall kwenye kivinjari chako, kama unatumia kompyuta. Ni kiongezi cha bure, na ukifungua makala iliyofungwa kinaonyesha kufuli la kijani pembeni kama ipo nakala halali ya bure mahali pengine. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Baruapepe yake iko kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na ikisiri. Andika mistari minne: wewe ni nani, unasoma wapi, unaandika kuhusu nini, unaomba nakala ya makala gani. Watafiti wanapenda kusomwa, wala hawapati hela yoyote katika zile dola 35. Nimewaona wengi wakijibiwa siku ileile.

Ya mwisho, ambayo ingekuwa ya kwanza kwa aliye jirani na sisi: tuulize. Wakutubi wa vyuo mbalimbali tunafahamiana na tunasaidiana. Hapa nchini tuna muungano wetu, COTUL, na wenzetu wa Kenya wana KLISC. Makala isiyopatikana kwetu huenda iko kwa jirani.

Kuna tovuti zinazotoa makala zilizoibwa, na wanafunzi huniuliza juu yake. Huwajibu kwamba ukipita njia nilizozitaja hapo juu kwa subira, mara chache sana utabaki na shida.

Vitu vinavyofanana na utafiti na si utafiti

Kuna majarida yaliyoanzishwa kwa ajili ya kukusanya ada. Yanakuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, yanakuandikia barua za kukusifu kwa makala ambayo hata hujaiandika, yana majina marefu yanayofanana na ya majarida yenye heshima. Hayana wataalamu wanaopitia kazi. Ukinukuu humo, unajenga juu ya mchanga. Kabla ya kuliamini jarida usilolijua, litafute DOAJ kama ni huria, tazama kama bodi ya wahariri ina watu halisi wenye vyuo halisi, kisha muulize msimamizi wako. Jarida kukosekana DOAJ hakumaanishi moja kwa moja kwamba ni bovu, ila ni sababu ya kulichunguza zaidi.

Jipya la miaka hii ni marejeo yanayotungwa na programu za akili unde. Mwanafunzi ananiletea orodha ya makala ishirini, anaomba nimtafutie. Natafuta ya kwanza, haipo. Ya pili, haipo. Ya tatu, mwandishi yupo na jarida lipo, lakini makala kama hiyo hajawahi kuiandika. Programu hizi zinaunda kitu chenye umbo la marejeo. Si uongo wa mwanafunzi, lakini akiuweka kwenye tasnifu unakuwa wake.

Namna ya kukagua ni nyepesi. Karibu kila makala ya kisasa ina namba ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, inayoanza na 10 na nukta. Andika kwenye kivinjari https://doi.org/ kisha ubandike namba hiyo. Ikikupeleka kwenye makala yenye kichwa kilekile na waandishi walewale, ni sawa. Ikikupeleka kwingine au isifunguke, isimamishe. Isiyo na DOI, tafuta kichwa chake kizima ndani ya alama za kunukuu. Usinukuu kitu ambacho hujakifungua kwa mkono wako. Ninasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu nimeketi na kijana akilia, tasnifu yake imerudishwa kwa marejeo manne tu.

Tunza unachopata

Weka Zotero kwenye kompyuta. Ni bure, imekuwapo tangu mwaka 2006, inahifadhi makala na kuandika marejeo kwa mtindo wa chuo chako. Nafasi ya mtandaoni unayopewa bila kulipa ni MB 300, ambazo kwa PDF zitajaa mapema, kwa hiyo acha PDF zikae kwenye kompyuta yako, na mtandaoni zipande taarifa tu. Kama huna kompyuta, nunua daftari. Andika tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia na idadi ya matokeo. Msimamizi akikuuliza ulitafutaje, utajibu kwa ukurasa, si kwa kumbukumbu. Na mafaili yape majina yanayosomeka: jina la mwandishi, mwaka, neno moja la mada. Faili linaloitwa "download (7)" hutaliona tena.

Pakua ukiwa chuoni, kwa Wi-Fi ya chuo, asubuhi kabla watu hawajajaa. Nyumbani usome tu.

Binti wa Kondoa sasa yuko uwandani, anapima mahindi kwenye maghala ya familia, na daftari lake la utafutaji lina kurasa tisa. Wewe ukitaka tukae pamoja, nipo kuanzia saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa sita mchana. Njoo na namba yako ya usajili, nywila yako ikiwa inafanya kazi, na karatasi yenye safu zako umeshazijaza kadiri ulivyoweza. Safu zikiwa nusu tupu si kitu, tutazijaza pamoja.